Namna ya kupata spea sahihi ya mtambo uliobadilishwa jina

Tulikuwa na ekskaveta mbili kwenye machimbo ya kokoto. Zote za rangi ya chungwa, zote zimeandikwa Doosan DX225 ubavuni, na jioni zilikuwa zikiegeshwa bega kwa bega. Moja ikaanza kuchanganya maji na oili. Nikaagiza gasketi ya hedi kwa jina nililoliona ubavuni, nikalipia ndege ili isichelewe. Ilipofika, fundi aliilaza juu ya bloku, akaitazama kidogo, akanirudishia mkononi. Gasketi ilikuwa ya injini yenye silinda za kipenyo cha milimita 100. Za kwetu zilikuwa za 102.

Mtambo ule ulikuwa DX225LCA, na ndani yake kulikuwa na injini ya DB58TIS, ileile ya ekskaveta za zamani za Daewoo zilizoitwa Solar. Mwenzake aliyesimama pembeni alikuwa DX225LC, mwenye injini ya DL06. Herufi moja tu mwishoni, injini mbili tofauti. Mtambo ulilala siku tisa, opereta wake amekaa kivulini, malori yanapanga foleni kwa mwenzake. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu kibati cha namba ya siriali kilikuwepo na sikukisoma.

Tangu hapo nimekuwa nikifuata utaratibu ninaouandika hapa. Unamfaa mtunza stoo, fundi wa saiti, na hata mwenye mtambo mmoja aliyeununua Sharjah au Japani akaja nao bila kitabu.

Majina yanabadilikaje?

Ukijua jina limebadilika kwa njia gani, utajua pia wapi pa kutafuta. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kampuni kuuzwa. Ekskaveta za Daewoo zilibadilika kuwa Doosan mwaka 2005, zikaingia chini ya Hyundai mwaka 2021, na mwaka 2023 zikaanza kuuzwa kwa jina la Develon. Volvo ilinunua kiwanda cha greda cha Champion cha Kanada mwaka 1997, mwaka uliofuata ikanunua kitengo cha mitambo cha Samsung cha Korea, na mwaka 2007 ikachukua rola za barabara za Ingersoll Rand. Kwenye migodi mikubwa kuna shoveli za O&K za Dortmund, Ujerumani: mwaka 1998 zikawa Terex, 2010 zikawa Bucyrus, 2011 Caterpillar ikainunua Bucyrus. Hivyo RH200 leo inaitwa Cat 6060, na RH120E inaitwa 6030. Chuma ni kilekile.

Ya pili ni kiwanda kubadilisha majina ya mitambo yake chenyewe. Hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu nembo haibadiliki na mtu hashtuki. Angalia mabuldoza ya Caterpillar. Miaka ya karibuni D6K2 imekuwa D4. D6N imekuwa D5. D6T imekuwa D6 tupu. D3K2, D4K2 na D5K2 zimekuwa D1, D2 na D3. Sasa fikiria mtu anapiga simu anataka rola za chini za "D5". Anaweza kuwa na D5B ya zamani, D5K ndogo, au D5 mpya ambayo kwa ukubwa ni D6N. Hiyo ni mitambo mitatu ambayo haipeani hata bolti za cheni.

Ekskaveta ya 320 nayo imezunguka ikarudi ilikoanzia. Miaka ya 1990 ilikuwa 320 bila herufi, ikaja 320B, 320C, 320D, 320E, 320F, kisha kuanzia mwaka 2017 kizazi kipya kikaitwa tena 320 bila herufi. Ukiandika "Cat 320" kwenye oda, umetaja mashine mbili zilizoachana kwa zaidi ya miaka ishirini. Na usidhani herufi zinafuata alfabeti kila mara. Kwenye greda, baada ya 140H ilikuja 140M ya kuendeshwa kwa vijiti, halafu 140K ikaja nyuma yake, ikiwa na usukani na levi kama 140H. Anayedhani K ni kongwe kuliko M ataagiza vitu vya ajabu.

Ya tatu ni mtambo mmoja kuuzwa kwa majina mawili au matatu kwa wakati mmoja. Ekskaveta za Case za CX zinatengenezwa na Sumitomo, na Link-Belt za Marekani ni Sumitomo hizohizo. Kwa miaka mingi ekskaveta za John Deere zilikuwa Hitachi. New Holland nyingi nazo zilikuwa Kobelco. Tingatinga la Shantui SD22 lilitokana na leseni ya Komatsu, na mzizi wake ni D85A-18.

Hatua ya 1: Soma kibati

Rangi inapakwa upya, stika zinanunuliwa dukani, na milango ya injini inahamishwa kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine. Nimeona ekskaveta yenye mlango wa kushoto wa kizazi kimoja na wa kulia wa kizazi kingine. Kibati chenye namba ya siriali ndicho cha kuanzia.

Nenda na kitambaa, dizeli kidogo, brashi ya waya iliyochakaa (mpya inakwangua herufi), chaki na simu yenye kamera. Safisha kibati kwa dizeli, kausha, piga picha. Kama namba imechapwa na imefifia, isugue kwa chaki kisha ifute kwa kiganja. Unga wa chaki hubaki ndani ya michoro na namba inajitokeza nyeupe. Kama kibati kimeng'olewa, tafuta namba iliyochapwa kwenye fremu yenyewe, mara nyingi karibu na mguu wa bumu au upande ule kibati kilipokuwa.

Usikubali kusomewa namba kwa simu. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, nisomee kibati."

"Bosi, imeandikwa Doosan."

"Chini ya hapo?"

"Kuna namba ndefu, nyingine imeliwa."

"Basi piga picha, kaka. Ipige mara tatu, moja kwa pembeni ili mwanga usiimulike."

Picha ya pembeni ndiyo huokoa, kwa kuwa kivuli huingia kwenye michoro.

Mitambo mingi ya kuanzia miaka ya 2000 ina namba yenye herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki humo, kwa hiyo unachoona kama O ni sifuri na unachoona kama I ni moja. Kwa Caterpillar, chukua mfano CAT0320CTPAB01234. Tatu za mwanzo ni mtengenezaji. Tano zinazofuata ni modeli, 0320C. Moja ni ya kuhakiki. Nane za mwisho ndizo namba ya siriali yenyewe: PAB ni kiambishi, 01234 ni namba ya mtambo ndani ya kundi hilo.

Kile kiambishi cha herufi tatu kina uzito kuliko jina la mtambo. Greda yenye siriali inayoanza na 72V ni 140G hata kama mtu ameipaka maandishi ya 140H. Inayoanza na 2ZK ni 140H. Vitabu vya spea vya Caterpillar vimepangwa kwa viambishi hivi, na 320C zenye viambishi tofauti zinaweza kutofautiana pampu, hata mabomba.

Kwa Komatsu tazama namba baada ya kistari. Ekskaveta za PC200-5, -6, -7 na -8 ni vizazi vinne. Halafu kitabu kinagawa kila kizazi kwa siriali: kipuri hiki ni cha kuanzia siriali fulani kwenda juu, kile ni cha kabla yake. Bila siriali kamili hata wakala mwenyewe atabahatisha.

Hatua ya 2: Andika ukoo wa mtambo

Chukua daftari, andika mtambo uliitwaje tangu ulipozaliwa. Mfano: Daewoo Solar 225LC-V, kisha Doosan Solar 225LC-V, kisha ukafuatiwa na DX225LC. Majina mawili ya kwanza ni mashine moja yenye stika tofauti. La tatu ni mashine mpya iliyokalia kiti cha ile ya zamani.

Hapo ndipo watu wengi huteleza. Kurithi nafasi sokoni si sawa na kuwa mashine ileile. Rola ya Ingersoll Rand SD100D na Volvo SD100D ni kitu kimoja. Lakini tangazo linaposema D5 imechukua nafasi ya D6N, maana yake ni ukubwa na kazi. Spea za ndani lazima zihakikiwe moja moja. Kwenye daftari langu nimeweka alama mbili: mstari mmoja wa "jina tu limebadilika", na mistari miwili ya "amerithi nafasi".

Hatua ya 3: Mvunje mtambo vipande vipande

Hapa ndipo kuna faida kubwa, na ndipo pesa nyingi huokolewa. Kiwanda cha ekskaveta hakitengenezi kila kitu. Injini inatoka huku, pampu kule, mota za kutembelea kwingine. Kila kimoja kina kibati chake, na kibati hicho hakijali nani amenunua kampuni ya ekskaveta.

Anza na injini. Kibati chake kiko juu ya kifuniko cha valvu au ubavuni mwa bloku. Jifunze kusoma jina lake. Kwa Komatsu, SAA6D107E-1 inasomeka hivi: S ni turbo, AA ni kipoza hewa cha hewa kwa hewa, 6 ni idadi ya silinda, 107 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Ndiyo injini ya PC200-8, na mzizi wake ni Cummins QSB6.7. Ya PC200-7 ni 6D102, mzizi wake Cummins ya lita 5.9. PC200-6 zipo zenye 6D95 na zipo zenye 6D102, na kwa macho ya mbali ni mapacha. Pima, soma, uliza. Jina la PC200-6 peke yake halitakwambia pistoni ni ya 95 au ya 102.

Kwa Caterpillar, C6.4 na C7.1 ni lita. 320D ina C6.4, 320D2 ina C7.1. Za nyuma, 320 hadi 320C, zina 3066, na 3066 ni Mitsubishi S6K. Ukikosa laina au beringi za 3066 kwa jina hilo, uliza S6K. Vivyo hivyo 3054 na 3056 ni ndugu wa Perkins 1004 na 1006. Injini za D6D na D7D za ekskaveta za Volvo za kizazi cha B zina asili ya Deutz. Hyundai R210LC-7 ina Cummins B5.9. Isuzu 4HK1 utaikuta kwenye Hitachi ZX200-3 na kwenye Case CX210B pia. Kwa mwenye stoo hii ni habari njema, maana duka lisilo na kitu cha Case linaweza kuwa na rafu nzima ya Isuzu.

Ila kumbuka injini hubadilishwa. Mtambo wa miaka ishirini unaweza kuwa na injini yake ya tatu. Namba ya injini unayoiona leo ndiyo ya kuagizia vitu vya injini, hata kama kitabu cha mtambo kinasema vingine.

Pampu ya haidroliki nayo. Kawasaki K3V112DT imefungwa kwenye ekskaveta nyingi za tani 20 hadi 22: Kobelco, Hyundai, Daewoo, Volvo, Sumitomo. Namba 112 ni ujazo wa kila upande kwa sentimita za ujazo kwa mzunguko mmoja. Seti ya pistoni na bloku ya ndani utaipata kwa jina la pampu. Kinachotofautiana kati ya mtambo na mtambo ni meno ya shafti, regyuleta na mahali pa kutokea mabomba. Kwa hiyo ukitaka vya ndani, agiza kwa jina la pampu. Ukitaka pampu nzima, hesabu meno ya shafti, pima kipenyo chake, piga picha ya regyuleta pande zote.

Mota za kutembelea nyingi zimeandikwa Teijin Seiki kama ni za zamani, na Nabtesco kama ni za baada ya mwaka 2003, kampuni hiyo ilipoungana na Nabco. GM35VL ya Teijin Seiki na GM35VL ya Nabtesco ni ukoo mmoja. Hata kipuri ndani ya mtambo uliobadilishwa jina kinaweza kuwa kimebadilishwa jina chenyewe.

Nozeli na pampu za dizeli zina namba za Bosch au Denso juu yake. Za komoni reli za Denso nyingi huanza na 095000, za Bosch kwa injini za aina hii huanza na 0445120. Nakili namba nzima mpaka tarakimu ya mwisho.

Beringi na sili ndizo rahisi kabisa, na bado watu huziagiza kwa jina la mtambo na kulipa mara nne. Beringi iliyoandikwa 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15, iwe imetengenezwa na SKF, NSK au Koyo. Sili ya mafuta huandikwa vipimo vyake usoni, kwa mfano 45 62 8. Soma, nenda dukani.

Meno ya baketi yanahitaji neno lake. Hapa jina la mtambo halina kazi kabisa, kwa sababu baketi hupita mikononi mwa wachomeleaji. Nimekuta Komatsu yenye adapta (vishikio vya meno) za Cat zilizochomelewa mtaani, na Hyundai yenye adapta mbili za aina moja na tatu za nyingine. Safisha udongo, angalia namba kwenye adapta. Ikiwa ni J350, ambayo ni saizi ya meno ya Cat, jino la J350 litaingia, kama 1U3352, baketi iwe ya nani. Jino la J300 ni 1U3302. Usitume mtu dukani na jino lililoisha, kwa sababu lililoisha linafanana na dogo zaidi. Mtume na picha ya adapta na kipimo cha pua yake.

Hatua ya 4: Tafuta pati namba (namba ya kipuri), na uisome inatoka wapi

Ukishapata siriali ya mtambo na ya kipande husika, sasa ingia kwenye kitabu cha spea. Tafuta mchoro, tafuta namba ya kipuri kwenye mchoro, kisha soma mstari wake wote mpaka safu ya siriali na maelezo. Watu huishia kwenye namba. Safu ya mwisho ndiyo husema "mpaka siriali fulani".

Pati namba yenyewe inasimulia ukoo. Kwa Volvo, VOE ni namba za kawaida za Volvo. Ukikuta SA mwanzoni, kipuri kilianzia Samsung. CH ni Champion, RM ni mitambo ya barabara ya Ingersoll Rand, ZM ni Zettelmeyer, PJ ni Pel-Job. Mzee mmoja fundi wa greda alinionyesha sanduku lililoandikwa CH na tarakimu, akasema hiki ni cha Champion, kitaingia kwenye greda yetu ya Volvo. Kiliingia. Yeye hakuwahi kuona orodha yoyote ya mauzo ya makampuni. Alisoma herufi mbili.

Kwa Komatsu, kundi la kwanza la namba hukuambia kipuri kilichorwa kwa ajili ya mtambo gani. 20Y ni PC200, 207 ni PC300, 208 ni PC400, 154 ni D80 na D85, 175 ni D150 na D155. Kundi la pili hutaja sehemu: 20Y-27 ni faino draivu (gia ya mwisho ya kutembelea), 20Y-30 ni rola na vya chini, 20Y-70 ni mkono na baketi. Ndiyo maana spea nyingi za chini za Shantui SD22 zina namba zinazoanza na 154, na za SD32 zinaanza na 175, kwa sababu ukoo wake ni D155. Ukijua hivyo, ukikosa kwa Shantui unauliza kwa Komatsu, na kinyume chake.

Kwa Caterpillar kuna namba za mtindo wa zamani, tarakimu na herufi kisha nne, kama 1R-0716 ya filta ya oili, na za mtindo wa baadaye, tatu kisha nne. Kistari hakina maana: 1U-3352 na 1U3352 ni kitu kimoja.

Hatua ya 5: Fuata urithi wa namba

Pati namba nazo hufa na kurithiwa. Wakala anakwambia "hiyo haipo tena, sasa ni hii". Mpe nafasi akuonyeshe, na umwulize maswali mawili. Je, mpya inaingia peke yake au inakuja na mwenzake? Kuna sili zinazobadilishwa pamoja na pete yake, na valvu zinazohitaji springi mpya. Je, urithi unakwenda pande zote mbili? Mara nyingi mpya huingia kwenye mtambo wa zamani, lakini ya zamani haifai kwenye mtambo mpya. Ukiwa na akiba ya zamani stoo, swali la pili ndilo litakulinda.

Kwa Komatsu, marekebisho madogo huonekana kwenye tarakimu ya mwisho, ambayo mara nyingi hupanda kwa moja. Kampuni ikiuzwa, mfumo mzima wa namba unaweza kubadilishwa. Basi andika zote mbili, ya zamani na mpya, kwenye kadi ya stoo. Duka la Gerezani, Dar es Salaam, au la Kirinyaga Road, Nairobi, linaweza kuwa na mzigo wa miaka kumi iliyopita uliobandikwa namba iliyokufa, na kipuri chenyewe kikiwa kipya ndani ya mfuko.

Hatua ya 6: Pima

Namba zikikubaliana, bado pima. Vernia nzuri na rula ya chuma zinatosha kwa mengi.

Kwa cheni, pima hatua ya kiungo: kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Kwa kuwa cheni iliyochakaa hurefuka, pima viungo vinne kwa pamoja na ugawe kwa nne, na uchague sehemu ambayo haijaliwa sana. Ekskaveta za tani 20 kama PC200 na Cat 320 huwa karibu na milimita 190. SD22 na D85 ni 216. Lakini hatua ikilingana haimaanishi cheni inaingia. Pima pia kipenyo cha pini, upana wa reli ya kiungo, na nafasi kati ya matundu ya bolti za kiatu. Angalia nyuzi za bolti: Cat hutumia za inchi kwenye cheni nyingi, Komatsu za milimita, na bolti ya inchi inaweza kuingia duru tatu kwenye nati ya milimita kabla haijakataa. Vijana wenye nguvu huendelea kukaza. Waonye mapema.

Kwa bolti tazama daraja la nguvu lililoandikwa kichwani: 8.8, 10.9, 12.9. Ya sproketi na ya viatu vya cheni usishushe daraja.

Kwa kisanduku cha kompyuta ya mtambo kupima hakusaidii. Hakikisha kabla ya kulipa kwamba anayekuuzia anaweza kukiwekea programu ya siriali yako. Kisanduku kinachofanana kwa umbo lakini kina programu ya mtambo mwingine hakitawasha injini, au kitaiwasha vibaya.

Hatua ya 7: Andika oda inayojitosheleza

Dukani utaulizwa "mashine gani, kaka?" Jina litamtuma muuzaji kwenye rafu anayoikumbuka. Mpe karatasi. Mimi huandika hivi:

Mtambo: Cat 320C, siriali kamili ya tarakimu 17.
Injini: 3066, namba ya injini kama ilivyo kwenye kibati chake.
Kipuri: pampu ya maji.
Pati namba: ya kitabu, na chini yake ile inayoirithi.
Vipimo: kipenyo cha puli, idadi ya matundu ya bolti, umbali kati yake.
Picha: tatu, mbele, nyuma na pembeni, rula ikiwa imelazwa kando.
Hali: jenyuini au kopi, na jina la mtengenezaji wa kopi.

Mstari wa mwisho usiuruke. Kopi nzuri zipo na nimezitumia kwa miaka, hasa za chini ya mtambo, filta na meno. Kwa nozeli, beringi kuu za injini na seti ya pampu ya haidroliki siko radhi kununua kopi nisiyomjua mtengenezaji wake. Na uandike kwa kalamu kwamba kisipolingana na vipimo kinarudishwa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kama mtambo wako uliletwa ukiwa umetumika kutoka Japani, wakala wa hapa anaweza asiuone kwenye mfumo wake. Mwombe atafute kwa namba ya injini na ya pampu badala ya kukukatia tamaa mlangoni.

Hatua ya 8: Pokea, linganisha, weka kumbukumbu

Fungua boksi mbele ya aliyeleta. Kilaze kipya kando ya cha zamani juu ya meza, si juu ya goti. Linganisha matundu, meno, unene, upande wa mzunguko. Gasketi ilaze juu ya ya zamani uinue zote mbili kwenye mwanga. Tundu lolote lisilopitisha mwanga linakuhusu. Kama ningefanya hivyo stoo, ile ya DX225LCA ingerudi na ndege ileile badala ya kwenda saiti kilomita tisini.

Cha zamani usikiuze skrapa mpaka kipya kimefanya kazi wiki nzima. Kisha chukua kalamu ya rangi nyeupe, fungua mlango wa injini wa mtambo, na kwa ndani andika modeli kamili ya injini, pati namba iliyoingia na saa za mtambo siku hiyo. Kwenye ile ekskaveta ya kokoto, chini ya tabaka la vumbi, bado kuna maandishi yangu: DB58TIS, silinda 102.